Kadi kubwa ya grafiki haitaokoa kompyuta yako kuukuu

Kabla hujatuma hizo pesa kwa M-Pesa, soma hii kwanza.

Najua tangazo umeshaliona. Kompyuta ya ofisi iliyotoka ng'ambo, zile tunaita ex-UK, imepachikwa kadi ya grafiki yenye feni mbili, taa za rangi zinamulika ndani kama nganya ya Rongai, na juu imeandikwa kwa herufi kubwa: mashine ya gemu, Core i7. Au labda kompyuta unayo tayari hapo nyumbani, na kila mtu unayemuuliza anakujibu vilevile: "Weka kadi kubwa, mambo itajipa." Mimi niliambiwa hivyo, nikaamini, na imani hiyo ilinigharimu Sh38,000.

Wacha nikueleze ilivyoenda. Nilikuwa na mashine ya Core i5-4570, prosesa ya mwaka 2013, na ndani yake kadi ya GTX 1050 Ti. Counter-Strike 2 ilikuwa inanipa fremu kama 70 kwa sekunde. Moshi ukitupwa na watu watano waanze kufyatua risasi kwa wakati mmoja, zinashuka hadi 40. Ukiwa na fremu 40 unapambana na mtu mwenye 200, wewe ni shabaha tu. Basi nikakaa miezi minane nahariri video za harusi za watu, naweka akiba kidogo kidogo, hadi siku nilipoingia tao na kununua RTX 3060 ya mtumba. Juu yake nikaongeza pawasaplai mpya, kwa sababu kadi hiyo inakula wati 170 na ile pawasaplai ya ofisi haingeibeba. Jamaa wa duka aliniapia fremu zitapanda mara tatu. Nilifika nyumbani, nikaipachika, nikafungua gemu. Fremu 78. Moshi ukatupwa: 40. Ileile 40 ya zamani.

Nilidhani nimeuziwa kadi mbovu. Nikairudisha, jamaa akaiweka kwenye mashine yake ya pale dukani na ikaenda vizuri kabisa. "Bosi, shida ni mashine yako," akaniambia huku anacheka. Kusema ukweli, hakukosea. Ila hayo hakuyasema kabla ya kupokea pesa.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni huu: swali la "kadi gani ni noma?" limekaa vibaya tangu mwanzo. Kadi ikiwa peke yake haina idadi ya fremu. Fremu zinatoka kwa jozi, prosesa na kadi pamoja, na yule mzito kati ya hao wawili ndiye anayeamua utaona ngapi. Ukimwongezea nguvu yule ambaye tayari ni mwepesi, umemwongezea muda wa kupumzika tu.

Fikiria gereji inayopamba matatu. Kuna jamaa mwenye orodha. Yeye ndiye anaamua uso wa msanii ukae upande gani, jina liandikwe wapi, miali ya moto ianzie gurudumu lipi. Halafu kuna mwenye sprei, anayepokea maagizo na kupaka rangi. Kwenye gemu, prosesa ndiyo yenye orodha. Inahesabu adui yuko wapi, risasi imepita wapi, kibodi yako imebonyezwa nini, kopo lililopigwa teke litaangukia upande gani. Ikimaliza, inaiambia kadi: chora huyu hapa, chora ukuta pale, weka kivuli chini ya gari. Kadi ndiyo sprei. Haijui nani anashinda. Kazi yake ni kupaka kila pikseli rangi yake.

Sasa jozi hiyo inatakiwa imalize matatu 60 kila sekunde. Sekunde moja ina milisekunde 1,000, kwa hivyo kila fremu inapewa milisekunde 16.7, basi. Ukitaka fremu 144, muda unabana hadi milisekunde 6.9. Kwenye mashine yangu, vurugu ikianza prosesa ilikuwa inachukua milisekunde 25 kuandika orodha ya fremu moja. Gawanya 1,000 kwa 25 uone unapata nini. Ni 40. Hiyo 40 haikuwa ya kadi hata siku moja. Ningenunua kadi ya bei ya pikipiki bado ingekaa pale, sprei mkononi, ikingoja orodha.

Na hapa ndipo watu wengi wanapotea. Kubadilisha matatu ndogo kuwa basi la abiria 33 hakuongezi orodha: ni uso uleule, jina lilelile, moto uleule. Kinachoongezeka ni eneo la kupaka. Resolusheni ni hivyohivyo. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli 2,073,600. Ya 4K, yaani 3840 kwa 2160, ina 8,294,400, mara nne kamili. Kwa kadi hiyo ni kazi mara nne au karibu na hapo. Kwa prosesa karibu hakuna kilichobadilika.

Ukielewa hilo, tayari una kipimo ambacho hakikugharimu hata bob moja. Fungua gemu unayoicheza kila siku, nenda mahali penye vurugu, tazama fremu. Kisha ingia kwenye setingi, shusha resolusheni kutoka 1080 hadi 720, rudi palepale. Fremu zikiruka juu sana, kadi ndiyo ilikuwa inalemewa, na kadi mpya itakusaidia. Zisiposonga, prosesa ndiyo imekwama, na hata ukinunua kadi ya dhahabu hutaona kitu. Mimi nilifanya kipimo hicho baada ya pesa kwenda: kutoka 78 hadi 79. Dakika mbili tu. Ningeweza kukifanya na ile 1050 Ti yangu kabla ya kuhariri harusi hata moja.

Njia ya pili ni kuangalia matumizi. Kuna programu ya bure inaitwa MSI Afterburner, inakuonyesha kwenye kona ya skrini kadi inafanya kazi kwa asilimia ngapi. Ikisoma 97 hadi 99, kadi inatoa jasho na hakuna anayeichelewesha. Ikisoma 40 au 50 na fremu ziko chini, kuna mtu anaifanya ingoje. Hakikisha tu umezima V-Sync na kikomo chochote cha fremu, maana hizo nazo huipumzisha kadi makusudi na zitakudanganya.

Ila usiamini asilimia ya prosesa unayoiona kwenye Task Manager. Hiyo ni wastani wa viini vyote. Prosesa yenye viini sita inaweza kuonyesha asilimia 45, ukadhani imelala, kumbe kiini kimoja kimefika mwisho kabisa kwa sababu ndicho kinachobeba sehemu ya orodha isiyogawanyika. Gemu nyingi bado ziko hivyo. Kuna kazi unayoweza kuwagawia watu sita, na kuna ile ambayo lazima mtu mmoja aimalize ndipo wengine waanze.

Hapo ndipo ule wimbo wa "hii ni Core i7" unanikera. Core i7-2600 ni prosesa ya mwaka 2011. Ina viini vinne na nyuzi nane. Core i3-12100F ni ya mwaka 2022. Nayo ina viini vinne na nyuzi nane. Kwenye gemu, hiyo i3 inaiacha hiyo i7 mbali sana, kwa sababu kila kiini chake kinafanya kazi nyingi zaidi katika muda uleule na RAM yake ni ya kasi zaidi. Namba inayofuata baada ya kistari ndiyo inakuambia kizazi, na kizazi ndicho cha kuuliza. Muuzaji anayekutajia i5 au i7 bila kumalizia namba amekutajia jina la ukoo tu, bado hujajua ni babu au mjukuu.

Sasa wacha niwe mkweli kwa upande wa pili, kwa sababu wanaosema "nunua kadi kubwa" hawajaokota hiyo habari barabarani. Kuna gemu ambazo wako sahihi kabisa. Cyberpunk 2077 ikiwa na setingi zote juu na miale ya mwanga imewashwa, au Red Dead Redemption 2 kwenye skrini ya 4K, kadi inalemewa mapema kuliko prosesa yoyote ya heshima ya miaka ya karibuni. Mtu anayecheza hizo peke yake usiku, anatembea kwa farasi anatazama machweo, na ameridhika na fremu 60, huyo aweke sehemu kubwa ya pesa zake kwenye kadi. Ushauri mwingi tunaousikia umetoka kwa watu wa aina hiyo, wenye skrini kubwa na gemu za picha nzito.

Sisi wa mtaani tunacheza nini? Valorant, Counter-Strike, Fortnite. Gemu za kushindana. Tunashusha setingi hadi chini kabisa ili tuone adui vizuri, na resolusheni ni 1080 au chini ya hapo. Yaani tumemwondolea mwenye sprei karibu kazi yote, halafu tunataka fremu 144 au 200, ambayo inamaanisha mwenye orodha aandike haraka mara tatu. Sijui mpangilio mwingine unaoitesa prosesa kuliko huu. Na bado tukiingia dukani tunauliza kadi. Hata wale wa kujenga miji kwenye Cities: Skylines, mji ukishakua na watu makumi ya maelfu, kinachoshusha fremu mara nyingi ni kila raia kuhesabiwa njia yake ya kwenda kazini.

Tazama pia skrini yako. Kama ni ya 60Hz, inabadilisha picha mara 60 kwa sekunde, hata gemu ikitoa fremu 300. Sisemi fremu za ziada ni bure kabisa. Zinapunguza kidogo ule muda kati ya kubonyeza na kuona. Lakini kununua kadi ya fremu 200 halafu ukaichomeka kwenye monita ya ofisi ya 60Hz ni kama kuweka maspika ya nganya kwenye boda.

Kuna jambo lingine ambalo hawa wauzaji hawalisemi kabisa, labda hata wenyewe hawalijui. Kadi za bei nafuu zinaweza kuwa mtego kwa mashine kuukuu kuliko hata kadi za bei ghali. Januari 2022 AMD walitoa RX 6500 XT, kadi ya mtu wa mfuko mwembamba, yenye kumbukumbu ya GB 4. Ili kubana gharama, waliipa njia nne tu za kuwasiliana na bodi ya kompyuta, njia za PCIe. Kwenye bodi mpya za kizazi cha nne cha PCIe, njia nne zinatosha kiasi. Kwenye kizazi cha tatu, kasi ya hizo njia ni nusu, na kumbukumbu ya GB 4 ikijaa kadi inaanza kuchota vitu kutoka RAM kupitia hicho kichochoro. Gemu inaanza kukwamakwama. Mashine nyingi za ofisi tunazouziwa ni za kizazi cha tatu, na nyingine za pili. Kwa hivyo kadi iliyotengenezewa mtu asiye na pesa ilimwadhibu hasa yule asiye na pesa.

Ikaja Desemba 2024, Intel wakatoa Arc B580 kwa dola 249, kumbukumbu ya GB 12. Wapimaji waliisifu, na walikuwa na haki, kwa sababu waliipima wakitumia prosesa kali za kisasa. Haikupita muda, Januari 2025 wengine wakaipachika kwenye prosesa za kawaida, kama vile Ryzen 5 2600 ya 2018, na kwenye baadhi ya gemu ikaporomoka kuliko kadi pinzani za bei hiyo. Sababu ni draiva, ile programu inayotafsiri maagizo ya gemu yaende kwa kadi. Hiyo tafsiri inafanywa na prosesa, na draiva ya Intel inaifanyisha prosesa kazi nyingi. Isitoshe, kadi za Arc zinahitaji kitu kinaitwa Resizable BAR, ambacho bodi za enzi ya mashine yangu hazikuwa nacho.

Hata NVIDIA hawakuponea hapo. Mwaka 2021 watu wa Hardware Unboxed walionyesha kwamba kwenye baadhi ya gemu za DirectX 12, ukiwa na prosesa dhaifu, kadi za Radeon za bei ya chini zinaweza kuzipita GeForce za bei ya juu, kwa sababu draiva ya GeForce iliibebesha prosesa mzigo zaidi. Ukipachika prosesa kali, mpangilio unarudi kama kawaida. Fikiria hapo. Orodha ya "kadi bora" inapinduka, na kadi zenyewe hazijaguswa. Kilichobadilika ni mwenzake tu.

Ndiyo maana zile tovuti za kukokotoa, unaingiza jina la prosesa na la kadi halafu unaambiwa jozi yako ina tatizo la asilimia 14.3, sizitumii hata kidogo. Asilimia 14.3 ya nini? Kwa gemu gani? Resolusheni gani? Jozi ileile inaweza kukwama kwenye prosesa ukicheza Valorant na kukwama kwenye kadi ukifungua Cyberpunk dakika kumi baadaye.

Kuna atakayeniambia siku hizi kuna DLSS na FSR, kwa hivyo wasiwasi wa nini. Hizo zinachora picha ndogo halafu zinaikuza kwa akili. Kwa maneno mengine, zinampunguzia kazi mwenye sprei. Kama tatizo lako ni mwenye orodha, umesaidia mtu ambaye hakuwa na shida. Zile za kuzalisha fremu za kati, hizo kweli zinapandisha namba kwenye kona, hata prosesa ikiwa imekwama. Ila fremu iliyobuniwa haikusikiliza kipanya chako. Namba inasema 80, mkono unahisi 40. Kwa gemu ya kutazama mandhari sawa. Kwa kupigana risasi, hapana.

Na usiangalie wastani pekee. Wastani wangu ulikuwa 78, namba nzuri tu ya kujivunia kwenye WhatsApp. Nilikufa kwenye zile 40. Wapimaji wazuri hutoa namba ya pili, inayoonyesha ile asilimia 1 ya fremu zilizokuwa mbaya zaidi, na hiyo ndiyo inakuambia kama gemu itakwama wakati unaihitaji. Mara nyingi, namba hiyo huinuliwa na prosesa na RAM. RAM nayo, kama una kijiti kimoja cha GB 16, ni afadhali vijiti viwili vya GB 8, maana prosesa inavitumia kwa pamoja kama milango miwili. Hili nalo kwenye maduka linapuuzwa sana.

Wenye laptopu, msidhani mmeponea. Kwenye laptopu prosesa na kadi wanalala kitanda kimoja: umeme uleule, feni zilezile, joto lilelile. Jina RTX 4060 kwenye laptopu linaweza kumaanisha kadi iliyowekewa wati 35 au wati 115, kutegemea mtengenezaji alivyoamua. Jina moja, nguvu tofauti kabisa. Uliza wati. Muuzaji akishangaa swali, tafuta modeli kamili ya hiyo laptopu mtandaoni ukiwa hapohapo dukani.

Unajua ni nani asiyebishana kuhusu haya mambo? Kijana wa kibanda cha PlayStation hapo mtaani. PS5 ina prosesa ya viini vinane na kadi, vyote vya AMD, vimechaguliwa kwa pamoja na kuwekwa kwenye kipande kimoja, na wanaotengeneza gemu wanaijua jozi hiyo kama kiganja cha mkono wao. Sisi wa kompyuta tulijichagulia uhuru. Sasa uhuru huo una kazi yake, na kazi yenyewe ni kuwa mshenga wa hivyo vipande viwili.

Kwa hivyo ukiniuliza leo nifanye nini na Sh38,000 na mashine kama ile yangu, nitakujibu hivi. Kama unacheza gemu za kushindana na kipimo kimeonyesha prosesa, usiguse kadi. Kwa pesa kidogo unaweza kupata i7-4770 au 4790 ya mtumba inayoingia kwenye bodi ileile, baada ya kuhakikisha BIOS ya bodi inaikubali. Itakupa nyuzi nane badala ya nne, na ile mikwamo itapungua. Haitafanya miujiza. Baada ya hapo bodi hiyo imefika mwisho wa njia. Hakuna kingine kinachoingia. Isitoshe, Microsoft waliacha kutoa masasisho ya bure ya kawaida ya Windows 10 mnamo Oktoba 14, 2025, na Windows 11 rasmi haizikubali prosesa za umri huo. Kwa hivyo usiifunge pesa nyingi hapo.

Afadhali uvumilie, ukusanye za bodi, prosesa na RAM kwa pamoja, na ubakie na kadi yako ndogo kwa muda. Ukiweza, chagua bodi ya AM4, kama B450 au B550. Uzuri wake ni kwamba unaanza na Ryzen 5 ya mtumba, halafu siku ukipata, unabadilisha prosesa pekee, hadi ile Ryzen 7 5800X3D yenye hifadhi ya ndani ya MB 96 ambayo gemu zinaipenda sana. Bodi haibadiliki, ni kusasisha BIOS tu. Ryzen 5 5600 na kadi ya aina ya RX 6600 au RTX 3060, kwa skrini ya 1080, ni jozi ambayo hakuna anayemsubiri mwenzake kupita kiasi.

Mimi hatimaye nilifika huko, miezi sita baadaye, harusi nyingine kadhaa. Sikuuza ile 3060. Niliitoa kwenye mashine kuukuu, nikaipachika kwenye bodi mpya yenye Ryzen 5 5600. Kadi ileile, skrini ileile, setingi zilezile. Counter-Strike ikapita 180, na moshi ukitupwa inashuka hadi 110 hivi. Kumbe ile 3060 ilikuwa na hizo fremu siku zote. Ilikuwa inangoja orodha tu.

Ukienda kununua mashine iliyoundwa tayari, basi, usikubali kuonyeshwa taa. Mwambie aiwashe, afungue gemu unayoicheza wewe, hata kama itabidi uende na diski yako, na uweke namba za fremu na matumizi ya kadi kwenye kona. Shusha resolusheni mbele yake. Kuna mmoja aliniambia sera ya duka hairuhusu kufungua gemu kabla ya kulipa. Nilimwachia mashine yake na taa zake zote.

Ile i5-4570 haikutupwa. Nilirudisha 1050 Ti ndani yake, na dada yangu anaitumia kuandika kazi za shule. Jioni anaicheza Rocket League kwenye ile monita ya 60Hz, fremu 60, hazitikisiki. Hajawahi kuniuliza ndani kuna kadi gani.